Nilitupa kitovu cha mjukuu wa bibi wa Hawaii nikisafisha private jet hapa Brussels

Wakuu, salamu kutoka Evere, ghorofa ya tatu, mvua inanyesha kama kawaida yake.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe. Sitatia chumvi, maana daktari kanikataza chumvi ya aina zote. Majina nimebadilisha, kampuni siitaji, na rangi ya ndege msiniulize.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "wabeba boksi wa Ulaya". Mimi sibebi boksi. Mimi nasafisha ndege.

Haya, tuanze.

Nina miaka kumi na moja Ubelgiji, na sita kati ya hiyo nafanya usafi ndani ya ndege binafsi. Kutoka kwangu hadi uwanjani ni basi moja tu.

Upande wetu wa uwanja hauna foleni wala duty free. Gari linaingia, mtu anashuka, anatembea hatua ishirini, anapanda. Mwingine anafika kwenye kiti bado hajamaliza simu aliyoanza kuongea akiwa barabarani.

Najua wengi mnafikiri mle ndani kuna dhahabu. Wakuu, mle ndani kuna makombo. Tajiri akila karanga zinaanguka chini vile vile. Na manyoya ya mbwa yakiingia kwenye zulia la mtu mwenye pesa hayatoki kirahisi kuliko yakiingia kwako.

Wateja wetu wa haraka kuliko wote ni watu wa mbio za magari.

Siwasemi vibaya, kazi yao ndivyo ilivyo. Wiki hii wako nchi hii, wiki ijayo nchi nyingine, katikati kuna majaribio ya gari, kuna wafadhili wa kupeana nao mikono. Dereva anamaliza mbio saa kumi jioni, saa moja yuko mezani kwake anakula na mkewe. Bila ndege binafsi ratiba ile haiwezekani.

Yuko mmoja ambaye kofia yake ya mbio ina kiti chake na inafungwa mkanda. Mimi nikipanda basi na mchele kilo tano naupakata mapajani.

Kuna ile barabara ya mbio kule Ardennes, katikati ya misitu. Wiki ambayo mbio ziko kule, huku kwetu hakuna kukaa. Ndege zinapangwa zimebanana, kila rubani anataka aondoke wa kwanza, na sisi wenye ndoo tunakimbizana kutoka hii kwenda ile.

Sasa, huyu wa kisa changu tumwite Dereva tu. Anaishi Uccle, ile mitaa yenye miti mikubwa na mageti. Ni Mzungu, lakini mkewe ni mwenyeji wa Hawaii. Mwenyeji kabisa, wa damu, siyo mtalii aliyenogewa akabaki.

Mwaka huu mke alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza. Dereva alikwenda California kwenye majaribio ya gari, na kurudi kwake akamleta mama mkwe.

Siku hiyo mimi na mwenzangu tulikuwa tumesimama chini ya ngazi na ndoo zetu, tunasubiri abiria washuke tuingie.

Akatoka mama wa miaka sabini hivi. Mwili umejaa, nywele nyeupe kazibana kisogoni, gauni pana la maua mpaka chini. Wakuu, lile ni dera. Wao wana jina lao, lakini mama zetu wa Tanga wakiliona watauliza kitambaa kanunua duka gani.

Na viatu kavishika mkononi.

Baadaye mhudumu wa ndege, dada mmoja wa Kiflemi anaitwa Sofie, alituambia kwamba yule mama alivua viatu mlangoni alipopanda, akasafiri peku safari nzima. Kwao huingii ndani kwa mtu na viatu, na kwake ndege ya mkwe ni nyumba ya mkwe. Akawa anawashangaa wengine wote waliokaa na viatu vyao.

Alipofika chini akasimama mbele yetu sisi wenye ndoo. Akafungua mkoba, akatupa kila mmoja pakiti ya njugu kubwa za kwao. Akasema kwa Kiingereza kwamba mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Kisha akatuvuta mmoja mmoja, akagusisha paji lake la uso na letu.

Miaka sita, wakuu. Abiria wa kwanza kunisalimia kabla hajauliza mizigo yake.

Wanamwita Tutu, ndiyo bibi kwa lugha yao. Mimi nitamwita bibi.

Mwenzangu naye nimtambulishe, maana yumo mpaka mwisho. Ni Mkongo wa Lubumbashi, miaka hamsini na nane, tunamwita Tonton Mwamba; tonton ni mjomba kwa Kifaransa. Hata Wabelgiji wanamwita Tonton, wanadhani ndilo jina. Mkewe anapika chikwange nyumbani kwao Laeken anawauzia Wakongo wenzake. Kwa wasioijua, chikwange ni muhogo uliopondwa, ukafungwa kwenye majani, ukachemshwa. Kumbukeni hayo majani.

Bibi alipoondoka na gari, Tonton akabaki anaitazama pakiti yake.

"Eh, ule maman iko na roho," akasema. "Ule ni maman ya kwetu kabisa."

Mwezi ukapita. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Tulijua kwa sababu Sofie alileta chokoleti.

Ikaja wiki ya mbio za Ardennes. Dereva akakimbia Jumapili, akarudi kulala Uccle. Jioni ile ile ndege yake ikawapeleka wafadhili Uingereza. Jumatatu saa moja asubuhi ikarudi tupu, na saa tano kamili ilitakiwa iondoke kwenda Marekani na watu wawili: Dereva anayewahi majaribio, na bibi anayerudi kwao.

Hapa nieleze sheria mbili za kazi yetu, nisije nikawapoteza.

Ya kwanza: ndege ikija kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, chakula chote kilichobaki ndani, hata kipande cha jibini, kinaingia kwenye mfuko maalumu wa njano. Wanaogopa magonjwa ya mifugo. Mfuko unafungwa kwa kifungo cha plastiki chenye namba, unawekwa kwenye kizimba cha chuma, lori linakuja linabeba, vinakwenda kuchomwa. Uingereza siku hizi ni nje, kwa hiyo na sandwichi zao zinachomwa. Mfuko ukishafungwa haufunguliwi. Ukiufungua unaichezea beji yako, na bila beji ya uwanja huna kazi.

Ya pili: friji la ndege linatolewa kila kitu. Kinachobaki ni kile tu ambacho mhudumu amekibandika utepe wa kijani.

Basi.

Saa mbili asubuhi tukaingia mimi na Tonton. Yeye akaanza viti, mimi jikoni. Sofie hakuwepo, alikwenda jengoni kuchukua barafu na magazeti.

Nikafungua friji. Sandwichi, nusu ya keki, maziwa, sahani ya samaki wa moshi. Na nyuma kabisa kuna kifurushi cha majani.

Kidogo, kinaingia kiganjani. Majani mapana ya kijani yanayong'aa, yamekunjwa vizuri yakafungwa kwa ukanda wa jani lile lile. Utepe hakuna.

Nikamwonyesha Tonton.

Akacheka. "Chikwange! Iko mpaka mu jet! Bibi yangu akisikia hii atapandisha bei, anaweka prix ya première classe." Tonton akisema bibi yangu anamaanisha mkewe.

Nikacheka na mimi.

Kisha akaongeza, namnukuu kwa haki yake (mais ni lakini): "Mais uliza Sofie kwanza."

Sikuuliza. Tulikuwa na ndege nne zinatusubiri, na mimi ndiye niliyejifanya mzoefu. Nikajiambia hiki ni chakula cha mapambo, wale wapishi wa matajiri wanapenda kufungafunga vitu kwenye majani. Nikakitupa kwenye mfuko juu ya samaki.

Naomba niseme ukweli mmoja ambao msimamizi sikumwambia. Kile kifurushi kilikuwa chepesi mno. Chakula hakiwi chepesi vile. Mkono wangu ulijua siyo chakula, kichwa hakikutaka kusimama.

Nikafunga mfuko, Tonton akaupeleka kizimbani, tukahamia ndege nyingine.

Saa nne kasorobo nilirudi kuchukua mashine ya kuvuta vumbi niliyoisahau. Nikakuta Sofie yuko mbele ya friji, mlango wazi, uso umempauka.

"Kulikuwa na kifurushi cha majani humu," akaniambia. "Umekiona?"

Nikamjibu: "Hapana. Sikuona kitu."

Wakuu, sijui nilitoa wapi. Mdomo ulijibu wenyewe. Beji yangu ilikuwa inakaribia kuhuishwa, na hata barua moja ya onyo inaweza kukuharibia. Lakini hayo nimeyafikiria baadaye. Wakati ule nilidanganya tu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Sofie akaanza kujilaumu. Mizigo ya bibi ilitangulia kuletwa na gari, kifurushi kikiwemo, na maagizo kwamba kiwekwe kwenye baridi majani yasinyauke. Alikiweka, utepe aliuacha kwenye mkoba wake jengoni, akasema nikirudi nitabandika. Sasa dada wa watu anafungua droo moja moja, na mimi nimesimama pale nimeshika mashine.

Gari likaingia. Dereva na bibi wakashuka.

Sofie akashuka kuwaeleza. Mimi na Tonton, aliyekuja kunitafuta, tulikuwa hatua tano kutoka pale, tunasikia kila neno.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu: "Hakipo?"

"Hakipo, madam. Nisamehe. Kilikuwa kitu cha thamani?"

Bibi akavua viatu, akavipanga pembeni ya ngazi, akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Manyunyu yanamdondokea. Kisha akaeleza, polepole, macho yako kwa Sofie.

"Kitovu cha mjukuu wangu kimo mle. Kilipodondoka binti yangu alikikunja kwenye kitambaa, mimi nikakifunga na majani niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kwetu kuna uwanda wa mawe meusi, moto uliotoka ardhini ukapoa. Kuna mwamba pale wa familia yetu una vitundu. Kitovu changu kimo. Cha mama yangu kimo. Cha binti yangu nilikiweka mwenyewe, nikaziba na jiwe dogo ili panya asifike, maana panya akikichukua mtoto huwa mwizi. Huyu amezaliwa huku, hataiona ile ardhi mpaka awe mkubwa. Nilitaka kitovu chake kitangulie kikamsubiri."

Akafungua viganja vyake vitupu.

"Asubuhi nilikiachia kwa saa mbili tu. Nilitaka mikono miwili nimbebe mtoto kabla sijaondoka."

Mimi nilikuwa naangalia chini. Nilisikia Tonton kavuta pumzi kwa nguvu, nilipoinua macho nikakuta ananitazama. Mtu niliyefanya naye kazi miaka sita, sikuwahi kuona jicho lile.

Dereva ni mtu mstaarabu, lakini anaishi kwa sekunde. Akaanza kumbembeleza: muda wetu wa kuruka ni saa tano, tukiukosa leo ratiba imeharibika, uwanja umejaa, watatafuta, wakikipata watakituma.

Bibi akamjibu: "Nenda mwanangu. Mimi nipo."

Na akabaki amekaa. Mzee wa watu, peku, kwenye ngazi ya ndege.

Aibu ikanisukuma, wakuu.

Nikasogea mbele ya Sofie. Nikasema, "Nilikitupa mimi. Nilikiona, nikakitupa. Nimekudanganya."

Sikusubiri jibu lake, nikageuka kwenda kizimbani. Nikasikia viatu vya Tonton nyuma yangu.

Msimamizi wetu, Mbelgiji mpole anaitwa Koen, alikuwa mlangoni mwa kizimba anahesabu mifuko. Ilikuwa asubuhi ya baada ya mbio, ipo kumi na minne. Lori linakuja saa nne na nusu, yaani baada ya robo saa.

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. Akasema anaelewa, ila mfuko uliofungwa haufunguliwi, siyo yeye aliyeweka sheria. Akaniambia nikivunja kifungo hata kimoja atalazimika kuandika, na akiandika hajui mimi na beji yangu tutafikia wapi.

Nikamwomba namba ya mfuko wa ndege ile. Karatasi ya namba ilikuwa tupu. Kuijaza ilikuwa kazi yangu, na kwa zile mbio zangu sikuijaza.

Kwa hiyo siyo mfuko mmoja. Ni yoyote kati ya kumi na minne.

Nikamwambia, "Koen, andika."

Nikavunja kifungo cha kwanza.

Tonton akavua koti akavaa glavu. Koen akamwambia, Tonton, wewe huhusiki, toka. Tonton akamjibu kwa Kifaransa, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake: "Mi niko na miaka cinquante-huit, batanifanya nini? Ile kintu ni ya mutoto. Donc, tunatafuta."

Koen akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa kalamu, akaanza kuandika namba za vifungo tunavyovunja. Sikumchukia. Alikuwa anafanya kazi yake, na hakuita usalama, jambo ambalo angeweza.

Wakuu, takataka za matajiri zinanuka. Samaki, maziwa, kahawa, majivu ya sigara ambazo ndani ya ndege haziruhusiwi. Mfuko wa kwanza hakuna. Wa pili hakuna. Wa tatu ulikuwa na nepi, nikaona hata kichefuchefu kina daraja.

Mfuko wa tano lori likaingia.

Tonton akatoka, akaenda kwa mwenye lori na mikono inavuja maziwa, wakaongea. Sijui alimwambia nini. Jamaa akazima injini, akawasha sigara, akageukia upande wa pili.

Wa sita. Wa saba.

Mfuko wa nane nikaiona nusu keki. Naikumbuka kwa sababu ilikuwa na sukari ya waridi. Nikapeleka mkono chini yake, nikamgusa samaki, na pembeni ya samaki nikagusa jani.

Nilipiga kelele. Nilichosema sikiandiki hapa, kuna watoto.

Kifurushi kilikuwa kimebonyea na kulowa kahawa, jani la juu limechanika. Lakini ule ukanda wa jani haukuwa umefunguka. Tonton alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilisema Alhamdulillah, na Koen akafunga kalamu yake.

Nilikifuta na maji safi, nikakibeba kwa mikono miwili, nikaenda nacho mpaka kwenye ngazi. Bibi alikuwa bado amekaa. Dereva alikuwa pembeni na simu sikioni, anaomba aongezewe dakika.

Nikapiga goti nikampa. Siyo maonyesho, ni kwamba yeye alikuwa amekaa chini na kwetu mkubwa humpi kitu umemsimamia.

Alikifungua pale pale. Ndani ya majani kuna kitambaa cheupe, kahawa haikukifikia. Ndani ya kitambaa kuna kitu cheusi, kikavu, kama zabibu kavu. Akakitazama kwa muda, akakifunga tena, akakishika kifuani.

"Nani alikitupa?"

"Mimi."

"Nani alikitafuta?"

"Mimi na huyu."

Akaziangalia glavu zetu. Nilitegemea atatukana, au atashukuru. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Kwenu mnapeleka wapi?"

Tonton akajibu kwa Kifaransa, Dereva akatafsiri: kwao Lubumbashi mama yake alikizika nyuma ya jiko, na mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kumwaga maji ya moto pale.

Mimi nikamwambia kwetu Muheza kinazikwa na mche wa mnazi juu yake. Wangu upo. Mama huwa ananitajia kwenye simu umezaa nazi ngapi.

Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akauliza, "Una watoto?"

"Mmoja. Msichana. Ana miaka minne, kazaliwa hapa."

"Na chake kiko wapi?"

Hapa ndipo niliposhindwa, wakuu.

Kitovu cha binti yangu kilidondoka siku ya nane, ndani ya nepi. Mke wangu alikuwa amelala. Nikakiona, nikasita kidogo, nikaifunga ile nepi nikaitupa na nyingine. Nilijiambia hii ni Ulaya, tunaishi ghorofa ya tatu, nitakizika wapi, kwenye sinki? Jioni ile mama alipopiga simu akaniuliza nimekiweka wapi. Nikamjibu nimekizika kwenye bustani chini ya jengo.

Jengo letu halina bustani. Lina maegesho ya baiskeli.

Miaka minne sikumwambia mtu, hata mke wangu. Na sasa namwambia mama nisiyemjua, uwanjani, nanuka samaki.

"Nilikitupa," nikasema. "Na chake pia, kama cha mjukuu wako."

Machozi yalinitoka. Nasema tu kama yalivyotoka, atakayecheka acheke.

Bibi hakuniambia pole. Aliuliza, "Anaitwa nani?"

"Neema."

Akalirudia. La kwanza alikosea, nikamrekebisha, akalisema tena mpaka likakaa sawa mdomoni. "Neema. Nikifika mwambani nikishamweka huyu, na jina lake nitalitaja pale. Mwamba haujui pasipoti." Kisha akaongeza, "Lakini mimi siyo bibi yake."

Akasimama, akachukua viatu mkononi, akapanda. Ndege iliruka saa tano na dakika arobaini. Dereva alichelewa majaribio na sikusikia kwamba dunia imeisha.

Mambo ya kazini: nilipewa barua ya onyo na wiki mbili nyumbani bila mshahara. Tonton alipewa barua tu, akaikunja akaiweka chini ya mguu wa meza yake ya chakula ambayo ilikuwa inacheza. Beji zetu zimesalimika, na Koen kwenye ripoti aliandika kwamba tulijisema wenyewe. Sofie amenisamehe kwa maneno, kwa macho bado bado.

Sasa hii sehemu ya mwisho ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Siku ya tatu ya zile wiki mbili nilikaa kitandani nikampigia mama. Nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu. Nikaanza na yule bibi, na majani, na mifuko kumi na minne. Akawa anaitikia tu, ehee, ehee. Nikafika kwa Neema. Nikamwambia, mama, mwaka ule nilikudanganya, sikukizika, nilikitupa.

Zile ehee zikakoma.

Nikadhani simu imekatika.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Wewe ukisema kweli unababaika. Siku ile ulinijibu chapuchapu kama karani."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza, sasa mama, tufanye nini? Nilitegemea ataniambia habari za dua, au kuku, au kunikatia simu.

Akaniambia, "Mche nilishauotesha, tangu wiki ile ile aliyozaliwa. Niliuacha na shimo pembeni nasubiri ulete chochote cha mtoto. Sasa una miaka minne, umenipita kimo. Kama kitovu hukuleta, mlete mwenyewe. Nimeshachoka kuutazama peke yangu."

Binti yangu hajawahi kukanyaga Tanzania, wakuu. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa nzuri.

Nilichojifunza siwezi kukipamba. Nilidhani nilitupa kitu kidogo mara mbili kwa sababu ya haraka. Mara ya pili ilikuwa haraka kweli. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshaamua kimya kimya kwamba mtoto wangu hana pa kurudi, na sikutaka mtu aniulize.

Tiketi nimekata, za Desemba, watatu. Siti za nyuma kabisa karibu na choo.

Haya, uwanja ni wenu. Mlioko nje mkazalia huko, vitovu vya watoto mmevipeleka wapi? Semeni ukweli, humu hakuna anayemjua mama yako. Na wale wa "hizo ni imani za kizamani" karibuni pia, ila mje na jibu la swali moja mlilokwisha kuulizwa na mama zenu kwenye simu, mkajibu chapuchapu.